John Crossland wa Lancashire: aliondolewa kwa kutupa mpira au kwa makazi?

Mhariri_wa_Wiketi ameuliza:

Wakuu wa kriketi ya zamani, naomba msaada. Naandaa wasifu wa John Crossland, mrushaji wa kasi wa Lancashire kati ya 1878 na 1885. Si jina kubwa, lakini ni mchezaji wa kulipwa ambaye kazi yake inaonyesha jinsi kaunti za Uingereza zilivyoendeshwa enzi za Malkia Victoria. Yapo mambo yananitatiza.

Alizaliwa Sutton-in-Ashfield, Nottinghamshire, tarehe 2 Aprili 1852. Kwa nini basi aliichezea Lancashire na si kwao? Halafu, kelele zote za wakati ule zilihusu mkono wake: wapinzani walisema anatupa mpira, harushi. Lakini mwaka 1885 kilichomwondoa ni suala la makazi. Mambo haya mawili yanakutana wapi? Tena, kama makazi ndiyo yaliyompa ruhusa ya kucheza, kwa nini arudi kwao majira ya baridi? Je, ni pesa? Walilipwa kiasi gani hasa?

Na takwimu. Orodha moja hailingani na nyingine, na nikikokotoa mipira kwa kila wiketi (kila mpigaji anayetolewa) napata majibu yasiyoaminika.

Nataka kuelewa mambo yalivyofanya kazi. Sifa zake ninazo tayari.

---

Mto_Trent amejibu:

Mkuu, anzia kwenye kanuni za 1873. Kabla ya hapo mchezaji wa kulipwa aliuza mkono wake popote palipomlipa. James Southerton alizaliwa Petworth, Sussex, akaishi Mitcham, Surrey, na akazichezea Surrey, Sussex na Hampshire, akihama huku na huku bila kifungu cha kumzuia.

Kanuni za 1873 zilikuwa fupi. Hakuna mchezaji, awe wa ridhaa (asiyelipwa) au wa kulipwa, atakayechezea zaidi ya kaunti moja ndani ya msimu mmoja. Aliyezaliwa kaunti moja na kuishi nyingine atachagua mwanzoni mwa msimu, na hataruhusiwa kubadili hadi msimu uishe. Anayetaka kufuzu kwa makazi lazima awe anaishi katika kaunti hiyo na awe ameishi humo miaka 2 iliyotangulia. Ubishi wowote kuhusu makazi utaamuliwa na kamati ya MCC, klabu ya London iliyosimamia sheria za kriketi, kule uwanjani kwake Lord's.

Hapo kwenye makazi pana masharti mawili: unaishi sasa, na umeishi miaka 2 nyuma. Ukikosa moja, la pili halikusaidii. Kwa hiyo Crossland alipotokea na Lancashire mwaka 1878, kanuni ilimtaka awe mkazi wa huko tangu 1876. Weka hilo kwenye wasifu wako, maana linaonyesha kwamba alihama akiwa na miaka 24 hivi, muda mrefu kabla jina lake halijaanza kuandikwa magazetini.

Kwa nini si Nottinghamshire? Kwa sababu Nottinghamshire ya miaka hiyo ilikuwa na warushaji wengi kuliko nafasi. Ilikuwa na Alfred Shaw, Fred Morley, William Barnes na Wilfred Flowers, na nyuma yao foleni ya vijana wa vijiji vya wafumaji soksi na wachimba makaa ya mawe. Njia ya kuingia ilikuwa mechi ya chipukizi mwanzoni mwa msimu: vijana 22 wakicheza dhidi ya 11 wa kaunti. Fikiria mrushaji aliyemo kati ya 22. Huenda akapewa ova (zamu ya mipira kadhaa ya mrushaji mmoja) chache tu, na asipong'oa wiketi hapo hapo, mwaka wake umeisha.

Aliyekosa nafasi hakurudi shambani moja kwa moja. Klabu za miji ya viwanda vya pamba huko Lancashire zilikuwa zikiajiri wachezaji wa kulipwa kwa wiki: atunze kiwanja, awarushie wanachama mipira ya mazoezi jioni, afundishe vijana, na Jumamosi acheze mechi. Ukikaa kwenye kazi ya namna hiyo miaka 2, tayari kaunti inaweza kukuita.

Mfananishe na Johnny Briggs. Naye alizaliwa Sutton-in-Ashfield, mwaka 1862, lakini familia yake ilihama akiwa bado mtoto, na Lancashire ikamwita mwaka 1879 akiwa na miaka 16. Hakuna aliyemsumbua kuhusu makazi maisha yake yote, kwa kuwa hakuwa na kwao kwingine pa kurudi. Mji mmoja wa kuzaliwa, kaunti moja ya kuchezea, na tofauti yao ikawa mahali pa kukaa Desemba.

---

Bi_Mkwaju amejibu:

Mto_Trent amemaliza la kuzaliwa. Mimi nachukua la mkono.

Kurusha kihalali kunataka kiwiko kisinyooke ghafla wakati mpira unatoka. Kutupa ni kuja na kiwiko kilichokunjwa kisha kukinyoosha kwa nguvu, na hapo mrushaji wa kasi anapata kasi ya ziada ambayo mpigaji haioni ikija. Sheria ilikuwa wazi: mpira ukitupwa, mwamuzi autangaze batili. Shida ilikuwa nani autangaze. Hadi 1899 mwenye mamlaka hayo alikuwa mwamuzi wa upande wa mrushaji peke yake. Huyu anasimama karibu sana na mkono, nyuma yake, na wakati huohuo anapaswa kutazama mguu wa mrushaji usivuke mstari. Aliyesimama pembeni upande wa mpigaji ndiye aliyekiona kiwiko vizuri, lakini hakuwa na ruhusa ya kusema lolote.

Ongeza na hili: waamuzi wengi walikuwa wachezaji wa kulipwa waliostaafu. Kwa muda mrefu kila kaunti ilikuja na wake. Ni kuanzia 1883 ndipo MCC ilipoanza kuwapanga kwa mechi za kaunti. Mzee anayeishi kwa ada ya siku 3 za uamuzi hakuwa na sababu ya kuanzisha vita na kaunti kubwa kama Lancashire, yenye nahodha kama A. N. Hornby. Ndiyo maana malalamiko yalijaa mabarazani na kwenye magazeti huku viwanjani waamuzi wakinyamaza.

Waamuzi walipokaa kimya, kaunti zilitumia silaha nyingine, nayo ni ratiba. Wakati huo hakukuwa na ligi rasmi inayokulazimisha kucheza na fulani. Mashindano ya kaunti yalipata muundo rasmi mwaka 1890. Kabla ya hapo makatibu walikubaliana mechi wao kwa wao, na magazeti ndiyo yaliyotaja bingwa. Mwaka 1882 Lancashire na Nottinghamshire zilihesabiwa zimefungana kileleni. Katika mazingira hayo kukataa kupanga mechi ni adhabu halisi, maana mpinzani anapoteza makusanyo ya mlangoni ya siku 3. Nottinghamshire ilisusia mechi na Lancashire katikati ya mzozo huu. Mwaka 1885, Lord Harris, nahodha wa Kent, baada ya timu yake kukutana na Crossland na George Nash, mrushaji mwingine wa Lancashire aliyeshutumiwa kutupa, katika mechi ya kwanza, aliishinikiza Kent ikakataa mechi ya marudiano.

Sasa ndipo mambo yako mawili yanapokutana. Kususia kulikuwa na nguvu, lakini hakukutoa hukumu. Hapakuwa na chombo cha kukaa mezani na kusema mkono wa fulani ni haramu. Hilo lilikuwa la mwamuzi, uwanjani, mpira kwa mpira. Kwa upande wa makazi, chombo kilikuwepo tangu 1873: kamati ya MCC. Pingamizi likafikishwa huko, kamati ikachunguza, ikaona kwamba Crossland aliishi Nottinghamshire majira ya baridi ya 1884. Sifa yake ya kuichezea Lancashire ikawa imevunjika, na hakuichezea tena.

Kwa hiyo usiandike kwamba "alifungiwa kwa kutupa mpira". Watu wengi hurudia hivyo, na si kweli. Andika kwamba alishutumiwa kwa kutupa, kaunti zikasusia, na kilichomwondoa kisheria ni makazi. Mimi naamini kama mkono wake ungekuwa safi machoni pa wapinzani, hakuna ambaye angehangaika kujua alilala wapi mwezi wa Januari. Lakini hiyo ni tafsiri, iweke mbali na sentensi ya hukumu.

Ukitaka mfano wa kinyume chake, mtazame Arthur Mold. Naye hakuzaliwa Lancashire. Alitoka Middleton Cheney, Northamptonshire, akafuzu kwa makazi, akaichezea Lancashire kuanzia 1889. Makazi yake hayakuguswa. Yeye aliangushwa na mwamuzi Jim Phillips, aliyemtangazia mpira batili Trent Bridge, uwanja wa Nottinghamshire, mwaka 1900, kisha mara 16 Old Trafford, uwanja wa Lancashire, katika mechi na Somerset mwaka 1901. Mold aliangushwa mbele ya watazamaji wa nyumbani, na Crossland aliangushwa kwenye karatasi ya kamati.

---

Mhariri_wa_Wiketi:

Bi Mkwaju, hiyo ya chombo cha kutoa hukumu sikuiona kokote. Asante sana. Imebaki pesa. Je, Lancashire haikuweza kumlipa akae huko majira ya baridi?

---

Pauni_Shilingi_Peni amejibu:

Iliweza, ila haikuwa desturi. Ukiipata mantiki ya malipo utaelewa kwa nini mtu wa ngazi ya Crossland alikuwa na sababu ya kurudi kwao.

Ada ya kawaida ya mchezaji wa kulipwa katika miaka ya 1870 na 1880 ilikuwa pauni 5 kwa mechi ya nyumbani na pauni 6 ya ugenini, mara nyingi na pauni 1 ya nyongeza mkishinda. Ikumbukwe: ni kwa mechi. Si kwa wiki, wala kwa mwezi. Hukupangwa, hulipwi. Umeumia bega mwezi Juni, hulipwi hadi bega lipone na kamati ikukumbuke. Na katika ada hiyo mchezaji alijilipia nauli, kitanda, chakula, kufua nguo zake nyeupe, viatu na vifaa.

Chukua safari ya Manchester hadi London. Daraja la tatu lilikuwa peni 1 kwa maili, na njia ni kama maili 186. Hiyo ni peni 186, yaani (kwa peni 12 kila shilingi) shilingi 15 na peni 6 kwenda, na shilingi 31 kwenda na kurudi. Pauni 6 ni shilingi 120. Toa nauli, zinabaki 89. Ukikadiria shilingi 15 za kulala na kula siku zile za mechi, amebaki na 74, kabla ya fundi viatu. Ndiyo maana pauni 1 ya ziada ya ugenini haikuwa zawadi: nauli ya kwenda peke yake inakaribia kuimaliza.

Sasa msimu mzima. Tuseme kaunti ina mechi 14, nusu nyumbani nusu ugenini, na mtu amepangwa zote. Mara 7 kwa pauni 5 ni 35, mara 7 kwa pauni 6 ni 42, jumla pauni 77. Gawanya kwa wiki 52 za mwaka: shilingi 29 na peni 7 kwa wiki, na gharama bado hazijatolewa. Fundi stadi wa mjini alipata kiasi hicho au zaidi bila kupanda treni. Na hiyo ni ya anayepangwa kila mechi! Mchezaji mdogo anayeitwa mechi 6 kwa mwaka anapata pauni 33 kwa hesabu hiyohiyo.

Kwa hiyo hakuna aliyeishi kwa ada ya kaunti pekee. Mshahara wa klabu ndio uliobeba nyumba wakati wa kiangazi, na hapo palikuwa na mgongano. Mechi za kaunti zilichezwa Jumatatu hadi Jumatano au Alhamisi hadi Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku klabu inamhitaji mchezaji wake. Akiitwa na kaunti Alhamisi, klabu lazima imwachie, na mapatano ya nani amlipe nani yalifanywa na makatibu, si na yeye. Kwenye klabu za Lancashire kulikuwa pia na desturi ya kupitisha kofia kwa watazamaji mtu akifunga vizuri au aking'oa wiketi nyingi. Ukikosa Jumamosi, umekosa na kofia.

Msimu ulianza Mei na kuisha mwisho wa Agosti au mapema Septemba. Zaidi ya nusu ya mwaka hakuna kriketi, na hakuna ada. Mtu anafanya nini kuanzia Oktoba hadi Aprili? Anarudi kwenye kazi aliyolelewa nayo: mgodini, kwenye mtambo wa kufuma, au baa ya ndugu yake. Na kazi hizo hupatikana kwa kujuana. Nyumba ya wazazi haitozwi kodi. Chumba cha kupanga katika mji wa pamba kinatozwa, wiki baada ya wiki, mvua na theluji.

Malipo ya majira ya baridi yalikuja baadaye. Katika miaka ya 1890 Lord Hawke kule Yorkshire aliwapa wachezaji wake wa kudumu pauni 2 kwa wiki wakati wa baridi. Alikuwa mkali, hata kiinua mgongo chao alikizuia theluthi mbili ili klabu iwawekezee, lakini hatua ile iliwafanya wachezaji wa Yorkshire wabaki Yorkshire. Ingekuwepo Old Trafford mwaka 1884, suala la Crossland kwenda Nottinghamshire kutafuta riziki lisingezuka kwa urahisi namna ile.

Na usisahau mechi ya kiinua mgongo. Mchezaji aliyetumikia muda mrefu, kwa kawaida miaka 10 au zaidi, angeweza kupewa na kamati makusanyo ya mechi moja. Haikuwa haki yake. Ni kamati iamue. Gharama za mechi zilitolewa kwanza, na mvua ya siku 2 ilitosha kumaliza matumaini ya miaka yote. Crossland alikuwa na misimu 8 tu. Kwa walioishiwa kabisa, mwisho ulikuwa mbaya: John Jackson, mrushaji wa kasi aliyetikisa Uingereza nzima akiwa na Nottinghamshire, alifia Liverpool mwaka 1901 katika hospitali ya nyumba ya maskini. Ted Pooley wa Surrey, mlinda wiketi aliyewatoa wapigaji 12 katika mechi moja na Sussex mwaka 1868, naye alifia kwenye taasisi ya maskini, Lambeth, mwaka 1907. Na hawa walikuwa wakubwa kuliko Crossland.

---

Hesabu_Ndogo amejibu:

Nimeona hakuna aliyegusa takwimu. Kosa lako karibu nina hakika ni ova.

Ova ya Uingereza ilikuwa mipira 4 hadi msimu wa 1888, mipira 5 kuanzia 1889 hadi 1899, na mipira 6 kuanzia 1900. Mechi zote za Crossland kwa Lancashire zimo katika kipindi cha mipira 4. Ukiona amerusha ova 40, hiyo ni mipira 160, sawa na ova 26 na mipira 4 za leo. Ukizidisha kwa 6 unapata 240, na hesabu yako ya mipira kwa wiketi inapanda kwa nusu nzima. Mrushaji aliyehitaji mipira 24 kwa wiketi anaonekana amehitaji 36. Kwa mtu aliyevuka mwaka 1889 au 1900 usijumlishe ova kabisa. Geuza kila msimu kuwa mipira kwanza, kisha ndipo ujumlishe.

Hili linagusa pia ova zisizotoa mkimbio (alama ya mpigaji). Kumaliza mipira 4 bila kufungwa ni rahisi kuliko 6, kwa hiyo wingi wake kwenye kadi za miaka ile usikutishe.

Kuhusu orodha kutolingana, angalia mambo haya kabla hujaamini yoyote. Kwanza, kama orodha ni ya Lancashire tu au ya mechi zote za daraja la kwanza (ngazi ya juu inayohesabiwa rasmi). Mtu wa kulipwa aliitwa pia katika mechi kama Kaskazini dhidi ya Kusini. Pili, mechi dhidi ya timu za watu 18 au 22 hazihesabiwi, ingawa magazeti ya wakati ule yaliziweka kwenye jumla ya msimu. Kung'oa wiketi 12 za wanakijiji 22 ni kazi, lakini si takwimu ya daraja la kwanza. Tatu, daraja lenyewe liliwekwa baadaye. Hili halimgusi sana Crossland, lakini ukiendelea na wasifu wa wengine litakutesa: Derbyshire haihesabiwi daraja la kwanza kati ya 1888 na 1893, Hampshire kati ya 1886 na 1894, Somerset kati ya 1886 na 1890. Walter Sugg aliyeichezea Derbyshire kuanzia 1884 hadi 1902 ana shimo la misimu 6 katikati ya takwimu zake, na alikuwa akicheza muda wote huo.

Majina nayo ni mtego. Kadi za mechi ziliandika wa ridhaa kwa heshima, "Bwana" au herufi za kwanza mbele ya jina. Wa kulipwa aliandikwa jina la ukoo tupu, au herufi zake zikawekwa nyuma. Ukiona "Hornby" ametanguliwa na herufi na "Crossland" hana kitu, hiyo ni tabaka, si uvivu wa mpiga chapa. Tatizo linakuja kwa ndugu: Frank na Walter Sugg walikuwa pamoja Derbyshire kuanzia 1884 hadi 1886, wote wa kulipwa. Pale palipoandikwa Sugg bila herufi, linganisha na gazeti la mji husika kabla ya kumpa yeyote mikimbio hiyo.

Usilinganishe wastani wake na wa leo bila kutaja viwanja. Uwanja haukufunikwa mvua ikinyesha, na jua likiwaka juu ya majani mabichi mpira unaruka hovyo. Wastani wa mikimbio 12 au 13 kwa wiketi ulikuwa wa mrushaji mzuri wa kipindi hicho, haukuwa muujiza. Pia timu iliyoachwa kwa mikimbio 80 katika zamu ya kwanza ililazimika kurudi kupiga papo hapo. Mpinzani hakuwa na hiari. Mrushaji wa kasi aliyemaliza zamu moja ilibidi aanze ya pili palepale. Hilo humwongezea wiketi kwenye kadi na kummaliza mwili kwa pamoja.

Kuhusu makazi, usitegemee sensa. Sensa ya 1881 ilichukuliwa tarehe 3 Aprili na ya 1891 tarehe 5 Aprili, zote kabla ya msimu kuanza. Mchezaji wa kulipwa wa ngazi ya chini mara nyingi anaonekana humo kwa kazi yake ya baridi, mchimba makaa au mfumaji, mahali alipokuwa akifanyia kazi hiyo. Mwandishi asiyejua tarehe hizo huandika "aliacha kriketi akawa mchimba makaa", kumbe Mei alikuwa uwanjani. Na majira ya baridi ya 1884 yako katikati ya sensa hizo mbili, kwa hiyo hazithibitishi wala kukanusha uamuzi wa MCC.

---

Mhariri_wa_Wiketi:

Hesabu_Ndogo, ni kweli, nilizidisha kwa 6. Narekebisha jedwali lote.

Swali la mwisho: baada ya 1885 hakuweza kuhamia Lancashire upya na kuanza kuhesabu miaka 2 tena? Au kurudi kuichezea Nottinghamshire, maana ndiko alikozaliwa?

---

Mto_Trent amejibu:

Kwa kanuni, yote mawili yaliwezekana. Kwa hali halisi, hakuna hata moja.

Nottinghamshire alikuwa na haki nayo kwa kuzaliwa, siku yoyote, msimu wowote. Lakini hiyo ndiyo kaunti iliyosusia mechi kwa sababu ya mkono wake. Isingeweza kumpanga yeye mwenyewe bila kufuta kila ilichokisema.

Lancashire, piga hesabu. Tuseme alirudi kukaa moja kwa moja kuanzia Aprili 1885. Miaka 2 inatimia Aprili 1887. Alizaliwa Aprili 1852, kwa hiyo angeanza upya akiwa na miaka 35, mrushaji wa kasi ambaye hajacheza kriketi ya kaunti karibu misimu miwili, akirudi kwenye ratiba ambayo Kent tayari imeonyesha iko tayari kuivunja kwa ajili yake. Nash naye hakuendelea na Lancashire baada ya 1885, na sidhani kamati ilitaka kufungua jalada lile tena.

Kuna kipande kimoja cha kanuni za 1873 sikukitaja mwanzo. Sharti la makazi lilikuwa na njia ya pili: mchezaji aliweza kuichezea kaunti yenye nyumba ya familia yake, mradi nyumba hiyo imebaki wazi kwake kufikia mara kwa mara. Mchezaji wa ridhaa, mtoto wa mwenye mashamba, aliweza kukaa London mwaka mzima na bado akafuzu kwa kaunti ya baba yake. Maneno ya kanuni hayakumtenga wa kulipwa, lakini yalimsaidia nini Crossland? Nyumba ya familia yake ilikuwa Nottinghamshire, ambako tayari alikuwa na haki ya kuzaliwa. Kulala humo hakukumwongezea chochote upande huo, na kulimfutia alichokuwa nacho upande wa Lancashire. Hornby na Harris, wote wa ridhaa, hawakuwahi kuhitaji kuhesabu usiku waliolala nje ya kaunti zao.

Hata hivyo, alifariki Blackburn, huko huko Lancashire, tarehe 26 Septemba 1903 akiwa na miaka 51. Kwenye wasifu weka tarehe hiyo na mji huo karibu na aya ya uamuzi wa 1885, msomaji avione pamoja.